Waya Mbili Zisizo na Kazi

Niliporudi Tabora kutoka Uingereza, kabla ya kuimaliza shahada niliyokuwa nimeiendea, jamaa zangu walikuwa na adabu ya kutoniuliza sababu. Waliniambia tu kwamba nimekonda. Ukweli ni kwamba watahini walikuwa wameniketisha mbele yao wakaniuliza swali moja kuhusu mwendo wa joto ndani ya fimbo ya chuma, jambo nililokuwa nimelisoma kwa miaka, nami nikanyamaza. Sikukosa jibu. Nilikuwa nayo kadhaa, na kila moja lilikuwa na kasoro ambayo nilitaka kuieleza kwanza. Waliningoja kwa upole mpaka upole ukawaishia, wakaniambia niende nikapumzike, kisha niandike upya. Nilipumzika melini, nikapumzika ndani ya treni, na niliposhuka kwenye stesheni ya Tabora mikono yangu ilikuwa bado ikitetemeka kila nikishika kikombe.

Aliyenipokea ni mama mdogo, aliyefuatana kuzaliwa na mama yangu. Alikuwa mkunga, mjane wa miezi michache, na hakuiamini dawa ya kupumzika. Asubuhi iliyofuata aliniongoza hadi bandani, nyuma ya nyumba, akafunua turubai na kunionyesha gari la marehemu mumewe.

“Wewe si umesoma umeme?” aliniuliza.

“Hapana, Mama mdogo. Nimesoma joto.”

“Moto na umeme ni ndugu. Huyu mmoja akikushinda, muulize mwenziwe.”

Lilikuwa gari jeusi la Kiingereza, la kabla ya vita, lenye taa mbili zilizotuna mbele kama macho ya chura. Marehemu alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi wa mjini wakati mimi nipo masomoni, kwa hiyo sikuwahi kuliona likitembea. Tangu afariki halikuguswa, ila na panya. Hao walikuwa wameligusa sana. Waya zote za gari lile zilivikwa uzi wa pamba badala ya mpira, na panya wa Tabora, waliozoea karanga na mpunga, waliona pamba ni kitoweo. Zilizosalia nzima zilikuwa na rangi moja tu, ile ya vumbi letu. Kama mtengenezaji aliwahi kuzitofautisha kwa nyekundu na kijani na njano, siri hiyo alikuwa amebaki nayo mwenyewe.

Mama mdogo alinieleza kilichokuwa hatarini bila kupandisha sauti. Ukoo wa marehemu ulikwisha kukaa na kuamua. Gari likipita mbele ya mkaguzi wa polisi na kupewa ruhusa ya barabarani kabla ya kikao cha kugawa mirathi, litakuwa lake. Lisipopita, shemeji yake amekwisha kuzungumza na mtu wa Igunga anayeitaka injini ili izungushe mashine ya kukoboa mpunga, na bodi ya gari watajua la kuifanya. Mama mdogo alikuwa akihudumu kwenye zahanati ya misheni huko Puge kwa siku nyingi za wiki, na njia yake ya kufika ilikuwa ni kusimama barabarani akingoja lori la pamba. Marehemu alikuwa amemfundisha kuendesha, na cheti cha udereva alikuwa nacho.

“Lori linaweza kungoja pamba,” alisema. “Mtoto hangoji lori.”

Kisha akaongeza habari iliyonikosesha usingizi. Mkaguzi yule alikuwa na kanuni yake: kila swichi iliyomo ndani ya gari sharti ifanye kazi iliyotengenezewa, na asiyejua swichi yake ni ya nini hurudi nyumbani akaulize. Kuna mwenye duka aliyerudishwa kwa ajili ya kitufe kimoja tu.

Nilianza kazi kwa namna ambayo naamini ilikuwa sahihi. Nilichukua balbu ya kurunzi, nikailehemu kwenye vipande viwili vya waya, nikatafuta betri. Ncha moja ya kila waya wa gari niliipa nguvu ya betri, kisha nikazunguka upande wa pili nikigusa ncha moja baada ya nyingine mpaka balbu iwake. Bodi ya gari yenyewe ndiyo iliyokuwa njia ya kurudia umeme, jambo lililopunguza hesabu kwa nusu na kuongeza wasiwasi maradufu, kwa sababu kila penye kutu palikuwa na uwongo. Waya niliyokwisha kuitambua niliifunga alama ya kitambaa. Kwa kazi hiyo mama mdogo alinipa khanga yake kuukuu. Taa kubwa zilipata maua, taa ya nyuma ikapata pindo jeusi, dinamo ikapata nukta nyeupe, na honi ikapata kipande chenye neno “jirani”, lililotoka katika msemo ambao sehemu zake nyingine zilitawanyika hadi kwenye wipa.

Kila waya niliipima, nikaipima tena, kisha nikaamka usiku kujiuliza kama nimeipima. Lakini balbu ina tabia njema kuliko watahini: huwaka au haiwaki. Baada ya siku chache niligundua kwamba nashika koleo bila kutetemeka.

Mtu aliyekuja kunitazama mara kwa mara alikuwa rafiki wa marehemu, Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli. Pale stesheni yeye ndiye aliyekuwa akivuta wenzo unaopandisha na kushusha mikono ya ishara, ile inayomwambia dereva wa treni apite au angoje. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, pale wapagazi wetu walipokuwa wakiteremka hadi pwani na mizigo vichwani, na mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote. Alikaa juu ya debe lililofudikizwa, akaanza.

“Mnyamwezi, uko wapi? Naona miguu tu.”

“Nipo chini ya dashibodi. Shikamoo.”

“Marahaba. Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo, hakulala chini hata mara moja. Wewe umelazwa chali na uzi.”

“Si uzi,” nilimjibu. “Uzi ni ala tu. Ndani yake mna shaba.”

“Nimekutukana, nawe unanifundisha. Uingereza wamekuharibu, mtumwa wangu.”

Nilijua kwamba nilipaswa kurudisha. Marehemu, nilivyosikia, alikuwa bingwa wa kurudisha. Lakini kila tusi lililonijia nililiona lina upungufu wa ushahidi, na nilipokwisha kulirekebisha mtani wangu alikuwa amekwisha kwenda zamu.

Mwishowe zikabaki waya mbili. Zilianzia kwenye kitasa kidogo cha dashibodi kilichokuwa kikigeuka kushoto na kulia, zikapita chini ya zulia, kisha kila moja ikapanda ndani ya nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, moja upande huu na moja upande ule. Humo ndani ya nguzo ziliishia hewani. Panya hawakuhusika, maana ncha zake zilikuwa zimefungwa kitambaa cheupe kwa fundo safi, kama kidole kilichokatwa. Na kwa nje kila nguzo ilikuwa na mwanya mwembamba, mrefu kama kiganja, usio na kitu.

Ningeweza kumwuliza mama mdogo, lakini alikuwa Puge hadi Jumamosi. Ningeweza pia kungoja. Badala ya kungoja nilifikiri. Gari hili, nilisema, lilitengenezwa kwa ajili ya makoloni ya joto. Mwanya ule ni wa hewa. Swichi inayogeuka pande mbili ni ya abiria wa kushoto na wa kulia. Kwa hiyo ndani ya kila nguzo palikuwa na feni ndogo, nazo zimepotea. Nilipata furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu kabla ya watahini. Kwa mara ya kwanza joto langu lilikuwa na faida kwa mtu. Nilikokotoa hewa itakayopita kwenye mwanya, nikaona haitoshi, nikakokotoa upya mpaka ikatosha. Kisha nikakata debe la mafuta ya taa na kuanza kutengeneza mapanga ya feni.

Mtani alinikuta nikiyasugua kwa msasa.

“Hayo ni ya nini?”

Nikamweleza kwa urefu: hewa ya moto hupanda, ya baridi hushuka, mwanya uko kwenye kimo cha shingo kwa sababu shingo ndiyo hupoteza joto upesi. Alinisikiliza kwa heshima isiyo ya kawaida yake, mkono mmoja ukiwa umeziba mdomo.

“Na marehemu,” aliuliza, “alikuwa na shingo ya joto?”

“Sina habari hiyo.”

“Endelea, mtani. Usisikilize mtu.” Akaondoka akiwa ameinama, mabega yakimtikisika. Nilidhani anakohoa.

Mama mdogo alirudi Jumamosi, vumbi la lori likiwa limemkaa mpaka kwenye nyusi. Ukaguzi ulikuwa Jumatatu. Nilimpokea mizigo, nikamwamkia, nikamwonyesha kazi. Taa kubwa ziliwaka akapiga vigelegele vifupi. Honi ilipolia, kuku wa jirani walihama. Nikamwonyesha feni ya debe.

Aliigeuza geuza mkononi. “Mwanangu, hii ni nini?”

“Feni ya nguzoni. Ya upande wa abiria.”

“Nguzoni hamna feni. Ni mikono.” Alipoona sielewi alinyoosha mkono wake kando, usawa wa bega, kama mtu anayekata kona kwa baiskeli. “Mikono ya kuonyesha gari linageukia wapi. Hulala humo ndani. Ukikigeuza kitasa, mmoja unachomoza na taa yake nyekundu. Nilifikiri unajua, maana kwa Wazungu magari ni mengi.”

Magari yalikuwa mengi kweli, na mikono ile nilikuwa nimeiona, ila kutoka ghorofa ya juu ya basi, ikiwa tayari imenyooshwa. Sikuwahi kujiuliza inalala wapi. Nilichungulia mwanya wa kulia, nikachungulia wa kushoto, kisha tena wa kulia. Mama mdogo naye akachungulia. Akakaa kwenye ubao wa kukanyagia mlangoni, na nikaona uso wake ukibadilika.

“Wameiba,” alisema. “Basi injini itakwenda Igunga.”

Nilianza kumweleza kwamba wizi una dalili zake, na kwamba mwizi hafungi waya kitambaa, nisijue naelekea wapi na hoja hiyo. Aliyetuokoa ni jirani yetu, bibi aliyekuwa akianika mpunga upande wa pili wa ua wa mabua na kusikia yote kama ilivyo haki ya jirani.

“Mnatafuta mikono ya gari?” aliuliza juu ya ua. “Si alichukua mtani?”

“Mtani gani?”

“Yule wa reli. Siku ya mazishi. Wewe ulikuwa ndani na kina mama, hukuona.” Jirani aliweka ungo chini ili apate mikono ya kusimulia. “Alitangulia mbele ya jeneza kaishika, mmoja huku na mmoja huku. Kila njia inapopinda, ananyoosha mmoja. Mnajua marehemu alivyokuwa, hata akiwa peke yake porini Lusu lazima aonyeshe anakokwenda, kama vile swala watamshitaki. Basi mtani akawa yeye hasa. Amefika kwenye kaburi, akanyoosha mkono wa kushoto, akasema: abiria tunashukia hapa. Hata mchungaji alilazimika kuinama afiche kicheko.”

Mama mdogo alijifunika uso kwa khanga. Nilisogea kumfariji, kisha nikasikia kwamba anacheka. Alicheka muda mrefu, akajifuta machozi, akacheka tena, na nadhani kati ya vicheko hivyo kulikuwamo kilio ambacho hakuwahi kukimaliza.

“Na hakuna aliyekwenda kukomboa,” alisema hatimaye. Hapo nikaelewa upande wetu wa jambo. Kitu alichotwaa mtani msibani si cha wizi. Ni haki yake, naye hukikalia mpaka wenye msiba waje kukikomboa kwa utani, jogoo akiwa mkononi. Sisi tulikuwa tumemwacha miezi kadhaa bila kumwendea, dharau ambayo mtani hawezi hata kuisema. “Mimi siwezi kwenda, mjane hajikombolei. Utakwenda wewe.”

Siku ya Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda kwenye nyumba za reli na jogoo kwapani. Njiani nilitunga maneno. Mtani alikuwa barazani na mkewe na majirani wa pwani, wakila mihogo. Nilisimama wima, nikasema kwamba, kwa kuzingatia mila na kwa niaba ya familia, naomba kwa unyenyekevu kurudishiwa vifaa viwili vya ishara.

“Karani wa kodi amekuja,” mtani aliwaambia wenzake. Kisha akanigeukia. “Toka. Ingia upya.”

Nikatoka hadi nje ya ua. Jogoo alikuwa akinitazama kwa jicho moja. Nikajiona tena mbele ya watahini: watu wameketi, mimi nimesimama, wanangoja nifungue kinywa. Nikayapanga majibu, nikaona kasoro ya kila moja. Kisha nikamkumbuka mama mdogo juu ya lori la pamba, nikaingia na kasoro zangu zote.

“Hodi, wavivu wa pwani.”

“Afadhali,” alisema mkewe mtani.

“Uvivu una ushahidi?” aliuliza mtani. “Wewe msomi, thibitisha.”

“Nathibitisha. Jambo la kwanza: nazi huanguka yenyewe. Jambo la pili: kila nazi iangukapo, chini yake pana Mzaramo ameketi. Hitimisho: Mzaramo hakufika pale kwa kutembea. Aliota.”

Baraza lilipasuka kwa kicheko. Mtani hakucheka, alikuwa na uso wa mtahini. “Na nazi isipoanguka?”

“Huulaumu mnazi. Usiku huupigia ngoma upate kuona haya.”

“Na ninyi mlipokuja na pembe vichwani, nani aliwapa maji?”

“Mlitupa maji ya bahari, mkatuambia chumvi ni zawadi. Mzee, babu yangu alitembea miezi mitatu kuja kumtazama babu yako. Alipofika akamkuta amelala, akamwekea pembe kama mto, akarudi zake Tabora.”

Hapo uso wa mtahini ulimvunjika. Alicheka mpaka muhogo ukamponyoka, akanipigapiga mgongoni, akaniambia kwamba marehemu alikuwa na maneno makali zaidi lakini hakuwa na hitimisho. Akaingia ndani, akarudi na kifurushi. Mikono ilikuwa imepakwa mafuta na kufungwa ndani ya shuka safi, na vioo vyake vyekundu viking'aa. Mkewe akampokea jogoo, akamwangalia mapaja, akasema amekonda kama aliyemleta.

Tuliifunga mikono jioni ile ile, yeye akikaza skrubu alizozilegeza mwenyewe, mimi nikiunganisha waya. Mama mdogo aligeuza kitasa kulia na mkono wa kushoto ukachomoza. Nilikuwa nimeziwekea waya alama nikiwa nimesimama mbele ya gari, kushoto kwangu kukawa kulia kwa dereva. Mtani alikuwa na mengi ya kusema juu ya jambo hilo, na mara hii nilimjibu bila kuacha kazi.

Jumatatu tulilipeleka gari kituo cha polisi. Mkaguzi alikuwa Mwingereza mrefu aliyekitumia Kiswahili kama mtu aliyevaa koti la kuazima, kwa uangalifu mkubwa. Alimtaka mama mdogo akae kwenye usukani, akagusa swichi moja baada ya nyingine na kuuliza: hii ya nini, na hii. Taa, honi, wipa. Shemeji yake mama mdogo alikuwa amesimama getini pamoja na mtu wa Igunga, aliyekuwa amekuja na spana zake kwenye kikapu.

“Na hiki?”

“Mikono,” alisema mama mdogo, akageuza. Wa kulia ulichomoza kwa adabu. Akageuza upande wa pili. Wa kushoto ulitoa ncha tu, ukatetemeka, ukakwama.

Nilihesabu sababu zote zinazowezekana, na zilikuwa nyingi. Mama mdogo hakuhesabu kitu. Alijinyoosha, akaipiga nguzo kwa ngumi mara moja, pahala ambapo bila shaka alikuwa amemwona marehemu akipapiga. Mkono ukaruka nje, taa yake ikawaka.

Mkaguzi aliutazama muda mrefu. “Mama, hiyo ngumi ni sehemu ya gari?”

“Bwana mkaguzi, mimi ni mkunga. Mtoto akizaliwa akakawia kulia, tunampiga kofi kidogo. Akishalia, hatumrudishi ndani.”

Sina hakika kama alielewa yote. Lakini alitazama chini, akakuna sikio, akasema kwamba kifaa kimefanya kazi yake, na gari limepita.

Mama mdogo hakulizima. Vyombo vyake vya Puge vilikuwa tayari nyuma, ndani ya ndoo, kwa kuwa hakuwa ameweka mpango wa kushindwa. Alipofika getini alisimamisha, akamwamkia shemeji yake kama inavyopasa, kisha akamwuliza yule mtu wa Igunga anarudi vipi nyumbani.

“Nitangoja lori, mama.”

“Mimi nafika Puge. Panda, utangojea huko.”

Alipanda nyuma, akaiweka ndoo ya mkunga mapajani na kikapu cha spana miguuni. Nasi, mimi na mtani, tukarudi nyumbani kwa miguu.